Utazoea, Wiki Mbili Tu

...na ukucha wake wa kidole kidogo, mrefu, anaugonga juu ya kabati la kioo, ko, ko, ko, kana kwamba fremu zilizomo ndani zimelala na yeye kaja kuziamsha, "Dada, nieleze tofauti tu, nieleze kama unamweleza mtoto, sitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia," dereva wa lori huyu, funguo kazitundika shingoni kwa kamba ya kiatu, macho mekundu ya mtu aliyelikabili jua tangu alfajiri, nami mdomo umeshafunguka kabla sijauamuru, miaka kumi na tisa nasimama nyuma ya kabati hili, maneno yanatoka yenyewe, "Ziko aina mbili kaka, zote zinawafaa madereva, hii ya kwanza vioo vyake vinajigeuza, ukitoka nje juani vinakuwa vyeusi, ukiingia ndani vinarudi vyeupe, sisi hapa tunaviita vinyonga," anacheka, wote hucheka wakisikia kinyonga, na mimi hutabasamu palepale wanapocheka, ni sehemu ya kazi kama koti hili jeupe, lakini leo tabasamu halitaki kukaa, kwa sababu kwenye trei iliyo karibu na kiwiko changu iko miwani ya mume wangu, imelala chali, mikono imeikunja kifuani kama maiti, na tangu asubuhi sijaigusa. Aliiweka mezani kando ya kikombe changu, hakuuliza nimelalaje, siku hizi hatuulizani, alisema, "Mama watoto, nitolee hivi vioo, uniwekee vya kusomea, fremu bado nzima," basi, akarudi kwenye redio zake, maana mume wangu siku hizi anafungua redio za watu, anazifungua kweli, kuzifunga ndiyo kazi, sebule yangu imejaa matumbo ya redio, nyaya, vispika, saa za redio zinazowaka tarakimu mchana kutwa na hakuna hata moja inayosema saa ya kweli, niliolewa na dereva nikaachiwa duka la vyuma chakavu, mtu aliyekuwa akibeba watu sitini kila asubuhi, basi la wafanyakazi wa kiwanda, wenzake wakimwita Taratibu kwa sababu alikuwa akianza kukanyaga breki wakati wengine bado wanaongeza moto, Taratibu, Taratibu, hata mimi nilimwita hivyo siku nilizokuwa nampenda bila kufikiri, na sasa simwiti chochote, namwambia chakula kipo... "Sasa hivyo vinyonga nikiwa ndani ya gari vinakuwa vyeusi?" ananiuliza dereva, na hilo ndilo swali, wachache sana wanaliuliza, bosi anatuambia msilijibu mpaka mwulizwe, na mtu haulizi asichokijua, lakini huyu kauliza, "Hapana kaka, kusema kweli ndani ya gari haviwi vyeusi vizuri, kioo cha mbele cha gari kinauzuia ule mwale unaoviamsha, utavivaa juani vitakupendeza, ukikaa kwenye usukani vinasinzia," anapiga mluzi, "Kumbe!" ndiyo, kumbe, hata mimi nililijua hilo siku zote na bado nilimpa mume wangu vinyonga, vya kwanza, vioo vizuri, nikamfungia kwenye karatasi ya zawadi, akarudi jioni na kicheko chake kile cha pole pole, "Mama watoto, kinyonga wako kakataa kupanda basi," nikacheka mpaka nikashika ukuta, fundi wa miwani mzima nimesahau kioo cha mbele cha gari, tulicheka wote wawili, ilikuwa mara ya mwisho au ile ya kabla ya mwisho, sikumbuki, sikuwa nahesabu, mtu hahesabu vicheko akidhani viko ghalani.

"Basi nieleze hii nyingine," anasema, naye kishaegemea kabati kwa viwiko vyote viwili, bosi angemwona angemwambia kistaarabu aondoke juu ya kioo, na mimi naanza wimbo wa pili, "Hii ya pili inakata mng'ao, sikiliza kaka, jua likipiga barabara yenye maji, au bodi la gari lililo mbele yako, mwanga unarudi umelala, bapa, ndio ule unaokupofusha, sasa kioo hiki ndani yake ni kama uzio wa fito zilizosimama wima, ukipitisha mti uliosimama unapita, ukiupitisha umelala unakwama, kwa hiyo mng'ao unabaki nje na wewe unaiona barabara kavu, lami yake, mistari yake, mtu anayevuka," mtu anayevuka, hapo huwa nasita kidogo, mwaka mmoja na miezi miwili sasa nasita palepale na hakuna mteja aliyewahi kutambua, kwa sababu asubuhi ile kulikuwa na mtu, si anayevuka, anayefagia, mama mfagiaji wa barabara, mwenye koti la rangi ya chungwa linalong'aa, mvua ilinyesha usiku kucha ikakatika alfajiri, jua likatoka mara moja mbele ya basi, barabara nzima ni maji, na mume wangu, Taratibu, mtu wa breki, akampitia, hakufa, Mungu ni mkubwa, lakini mguu wake wa kushoto haukunyooka tena, namwona sokoni, anatembea kama anayepanda ngazi isiyokuwepo, ananisalimia vizuri tu, na salamu yake ndiyo inayonikera kuliko matusi. Hata kipofu angeliona koti lile. Hayo ni maneno yangu mimi, niliyasema mbele ya watu, hata kipofu angeliona, na yeye siku zote ana neno moja, "Jicho la kulia liliwaka," hilo tu, waliuliza kwa upole likawaka, waliuliza kwa ukali likawaka, afisa wa kiwanda akamuuliza ulikuwa kwenye simu, hapana, ulisinzia, hapana, ulikuwa umekunywa, sinywi, basi nini, jicho la kulia liliwaka, na ndani ya simu yake ilikutwa simu moja ya dakika zilezile, ya mpishi wa kantini, mwanamke mwenye sauti ya asali, alitaka basi limngoje kituoni, na ilikuwa simu isiyopokelewa, hakuipokea, iliandikwa pale kwa rangi nyekundu kwamba hakuipokea, na mimi nikaipokea kwa niaba yake, nikaijengea nyumba, nikaitia fanicha, nikaweka na watoto ndani, kila usiku nikilala kitanda kimoja naye nilikuwa nazunguka vyumba vya nyumba ile... "Maneno matamu dada, mimi ni mtu wa kuona," anasema dereva, "mke wangu ananicheka, anasema mimi na jua tuna kesi mahakamani, sasa nionyeshe nione," na ni haki yake, tunayo miwani ya mfano ya kuonyeshea, tulikuwa nayo, Ijumaa bosi kaikalia na makalio yake yote, na mkono wangu, bila kungoja akili, mkono wangu ukanyoosha vidole kwenye trei ukaichukua ya mume wangu, kwani si ni vioo vilevile vya kukata mng'ao, nilimkatia mimi baada ya vile vinyonga, "Tazama hapa, kwenye skrini ya kompyuta, naiweka mbele ya skrini, naizungusha pole pole, utaona vioo vyote viwili vinazima kwa pamoja, giza tii, ndiyo alama ya kioo cha kweli," na mimi siitazami miwani, kamwe siitazami, naangalia uso wa mteja, hapo ndipo ninapopapenda katika kazi hii, watu wazima wenye ndevu huwa wanafungua mdomo kama watoto waliomwona mtu akitoa sarafu sikioni, nikazungusha, nikangoja mdomo ufunguke, haukufunguka, akakunja uso, akasogea karibu, akanyoosha ule ukucha wake.

"Mbona kimoja tu?" Kimoja nini, "Kimoja kimezima dada, hiki cha huku, hiki cha pili kinaonyesha tu, naona maandishi yote," nikageuza kichwa nikatazama, na kweli, kushoto giza, kulia nyeupe, orodha ya bei inasomeka safi ndani ya kioo cha kulia kama inavyosomeka dirishani, nikasema labda mkono wangu umepinda, nikazungusha tena, robo, na taratibu, taratibu, cha kushoto kikafunguka, na cha kulia kikafunga, kimoja kikiingia kingine kinatoka, kama wake wenza wasiotaka kukutana jikoni, nikarudisha, nikazungusha, nikarudisha, "Labda hiyo mbovu?" anasema, na mimi naona fito, fito za kioo cha kushoto zimesimama na fito za kioo cha kulia zimelala, zimelala bapa kama mng'ao wenyewe, kioo cha kulia hakizuii mng'ao, kinaufungulia mlango, kinasema karibu ndani, ketini, nimekiweka hivyo mimi, kwa mkono huu, mkono huuhuu ulioinua miwani, na lazima nimwambie huyu mtu kitu... "Si ya kuuza hii kaka," nimesema, sauti ni yangu, imetoka nzima, "ni ya mtu," na yeye, "Pole yake huyo mtu," akacheka, pole yake, pole yake. Vioo hivi nilivikata saa ya chakula, nakumbuka hata harufu ya duka, vumbi la vioo vilivyosagwa, kazi ya mteja ina njia yake, inaingia kwenye trei, trei ina karatasi, karatasi ina jina la mteja na namba na malalamiko yake na jina la aliyekata, ikitoka kwangu inakwenda nyuma ya pazia kwa mkaguzi, mzee wa watu, anakohoa, anaiinua mbele ya skrini kama nilivyoiinua mimi sasa, anazungusha, vikizima vyote viwili anatia saini, visipozima anairudisha bila neno na aibu unaila mwenyewe, lakini kazi ya nyumbani, ya mume, ya shangazi, ya mama, hiyo tunaiita kazi ya jikoni, haina trei, haina karatasi, haina mkaguzi, unaikata umesimama kama mpishi anayeonja mchuzi, bosi anajua na hajui, na nje basi lilikuwa linaunguruma, alikuja kuichukua mwenyewe, akapiga honi mara moja, moja tu, ya adabu. Jicho lake la kushoto lina mhimili, kioo chake lazima kikae kwenye digrii zake, ukikosea kidogo dunia inapinda, kwa hiyo cha kushoto nilikipima, nikakitia kalamu, nikakishika kama yai, na jicho la kulia halina mhimili, ni namba tupu, na kioo kisicho na mhimili kwetu sisi ni sahani, ukiigeuza sahani ni sahani ileile, hivyo ndivyo mwalimu wangu wa kwanza alivyonifundisha, usipoteze muda na sahani, miaka kumi na tisa sijapoteza muda na sahani, nikakichukua nikakiweka kwenye mashine kilivyokuja mkononi, kina alama mbili ndogo ukingoni, moja huku moja huku, za kukuonyesha fito zimesimamia wapi, mtoto wa shule angeziona, mimi sikuzitazama, mkono ulikuwa unakata sahani. Na macho yangu? Macho yangu mimi mfanya macho ya watu yalikuwa dirishani, nilikuwa namtazama yeye kwenye usukani, kofia kaisukuma nyuma, anapiga vidole kwenye mlango wa basi, nilikuwa namtazama kwa mapenzi, sasa nitasema nini, niseme nilimvunja kwa mapenzi, upuuzi mtupu, nilimvunja kwa uvivu.

"Jicho la kulia linaniwaka," siku ya tatu alisema, nilikuwa jikoni, nimempa mgongo, nageuza sufuria, "Mama watoto, ajabu, nikifumba la kulia barabara kavu, nikifumba la kushoto barabara imejaa maji, nikifumbua yote mawili inacheza," yaani alinieleza, Mungu wangu, alinieleza kila kitu, neno kwa neno, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeacha sufuria iungue akakimbilia miwani, kavu huku, maji huku, nini tena alitaka mtu aambiwe, na mimi nilimpa dawa ninayompa kila mtu, mwenye miwani inayombana, mwenye kizunguzungu, mwenye namba mpya, "Utazoea, wiki mbili tu," sikugeuka hata kugeuka, na juma la pili akasema bado, nikamwambia huzoei kwa sababu hutaki kuzoea, wewe mtu wa kudeka, akaivaa, aliivaa kwa sababu mimi nilisema avae, mtu mzima mwenye akili zake na macho yake yanamwambia vua, na mke wake anamwambia vaa, akamwamini mke, ajali ilikuwa siku ya kumi na tisa, wiki mbili zilikuwa zimepita na siku tano juu yake, alikuwa keshazoea, kwa hesabu yangu. "...kwa sababu mimi njia yangu ni ile ya kwenda mashariki asubuhi, kurudi magharibi jioni, jua halinikosi, unanielewa dada?" nakuelewa, natikisa kichwa, nakuelewa sana, na yule afisa wa kiwanda alikuja hapahapa, alisimama hapo uliposimama wewe, kaishika miwani ndani ya mfuko wa plastiki kama kidhibiti cha mauaji, mume wangu yuko mlangoni, haingii, kofia mkononi, na afisa akasema, fundi, nimeambiwa wewe ndiye uliyeitengeneza, ina kasoro au haina, na mimi nikaichukua nikaiweka kwenye mashine ya kupimia namba, nikasoma kwa sauti, kulia hivi, kushoto hivi, mhimili hivi, sawasawa na cheti cha daktari, haina kasoro, nikatia saini, na mashine ile haijui fito, haijui zimelala au zimesimama, inajua namba tu, nililijua hilo kama ninavyojua jina langu, na skrini ilikuwa hapahapa, inawaka, hatua moja, ningenyoosha mkono tu, kwa nini sikunyoosha mkono, sikufikiria, ndivyo ninavyotaka kusema, sikufikiria, lakini mtu asiyefikiria hasemi maneno niliyosema baada ya saini, maana niligeuka mlangoni nikamtazama mume wangu mbele ya afisa, mbele ya bosi, mbele ya wateja wawili na mkaguzi aliyefunua pazia, nikasema, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," na watu wakacheka, methali ilikaa vizuri mno, iliketi kama kioo kwenye fremu, jua, ajali ya jua, wakacheka, na yeye akavaa kofia yake akatoka, na leseni ikaenda, na kazi ikaenda, na jioni nilipomkuta kakaa gizani sikumwashia taa, nilisema moyoni akae, amfikirie mpishi wake.

Na hajawahi kuniambia wewe. Mwaka na miezi miwili, hajasema ni wewe, hajasema miwani yako, ni jicho tu, jicho langu la kulia, alilibeba kosa akaliweka kwenye mwili wake mwenyewe, nilimdharau hata kwa hilo, nikisema mwanamume gani asiyejua hata kulaumu... ngoja. Jumapili. Jumapili nilitoka chumbani nikamkuta mezani kaivaa, miwani hii, aliyokuwa hajaivaa tangu siku ile, ndani ya nyumba, kivulini, na mbele yake saa ya redio ya mtu, ile yenye kiskrini cha tarakimu nyeusi, na yeye anainamisha kichwa upande huu, anainamisha upande ule, anafumba jicho hili, anafumba lile, kama kuku anayemsikilizia mwewe, nikamwambia, "Haya, na kichwa nacho kimeanza?" akaivua, akaifuta kwa shati muda mrefu, akaniangalia, aliniangalia vizuri, sikumbuki lini tena aliniangalia hivyo, na nikaondoka kwenda kuanika nguo, nikiwa nimeshinda. Alijua. Tangu Jumapili anajua. Anafungua redio, ana viskrini vinavyozima kama hii ya kompyuta, alihitaji dakika moja na shingo yake tu, jambo ambalo mimi fundi sikulifanya mwaka mzima, na siku tatu kakaa nalo tumboni, ananipokea mkoba, anakula ninachopakua, halafu leo asubuhi, nitolee hivi vioo, fremu bado nzima. Nitolee hivi vioo! Hataki vya kusomea, anasoma vizuri yule, anasoma maandishi ya kwenye vidude vya redio ambavyo mimi sivioni kwa darubini, ananipa mimi njia, anasema shika, ondoa, tupa, hakuna atakayejua, hata wewe kama hukutazama basi usijue, ananisitiri, na mimi sijui kama nimpigie magoti au nimchukie zaidi, kwa sababu namchukia kwa hilo, ndiyo, kwa dakika hii namchukia, nani alikuomba unisitiri, bora ungeivunja mezani, bora ungenitukana mbele ya watoto, ungeniachia hata kidogo cha kukujibu. Na bisibisi ninayo, iko kwenye mfuko wa koti, skrubu moja kila upande, mizunguko minne, vioo vinatoka, chini ya meza kuna pipa la vipande limejaa mpaka mdomoni, kioo kati ya vioo, mpaka jioni mfagiaji keshavimwaga, mfagiaji, hata hapa kuna mfagiaji, na mimi nitaweka vya kusomea na kumpelekea na tutakula tumenyamaza, kila mtu na siri ileile, tutazoea, mbona watu wanazoea makubwa zaidi, nikitoa neno bosi ataniita nyuma, saini yangu iko kwenye faili la kiwanda, yule afisa atarudi na mfuko wake wa plastiki, na mama yule wa sokoni atanisalimia na nitamwambia nini, nitamwambia aliyekuvunja mguu alikuwa amevaa mkono wangu usoni? Mzunguko wa kwanza ni mgumu, mitatu inayofuata ni laini, siku zote.

"Dada, uko na mimi?" anasema dereva, ukucha umetulia, kwa mara ya kwanza ananitazama mimi badala ya miwani, "Unaumwa?" Sijambo kaka. "Mimi nimeamua hii ya kukata mng'ao, ila nikuulize, ikinisumbua je? Maana ya kwanza niliyowahi kuvaa ilinitoa machozi wiki nzima," na mdomo wangu ukafunguka, nausikia ukifunguka, ule ule, wenye maneno yake tayari, u... ta... na ulimi ukagota hapo, ukabaki umesimama nyuma ya meno, sijawahi kuusikia uzito wake, mkono wa kushoto bado umeinua miwani mbele ya skrini, giza huku, orodha ya bei huku, "Ikikusumbua uirudishe," nikamwambia, "siku hiyohiyo, usingoje wiki, na mimi nikikuambia ni nzima usiniamini, niambie nipime tena mbele yako, kwenye skrini, umesikia? Hata nikikuapia," na yeye kashangaa, anacheka nusu, "Makubwa, sijawahi kuona muuzaji wa namna hii," na mkono wa kulia ulikuwa mfukoni, ulikuwa umeishika bisibisi muda wote huu na mimi sijui, ukaiachia, ukatoka mtupu, ukavuta karatasi ya juu kwenye bunda la karatasi za kazi, na kalamu, na ukaanza. Mteja: jina lake, jina zima alilopewa na baba yake, si Taratibu, si baba watoto, na limenichukua muda kuliandika kwa sababu lina herufi nyingi kuliko nilivyokumbuka. Malalamiko: jicho la kulia linawaka, nikifumba la kulia barabara kavu, nikifumba la kushoto barabara imejaa maji. Tarehe ya malalamiko, nikaiandika ile, siyo ya leo, ile ya sufuria. Aliyekata: mimi. Mkaguzi, pakabaki wazi, nyuma ya pazia nasikia kikohozi chake, atainua, atazungusha, na safari hii hatairudisha bila neno, na akimaliza yeye, bosi ataniita, na nikitoka kwa bosi sijui nitakuwa na koti hili au sina, na nyumbani sijui nitaanzaje, sina methali ya hilo, zote nilizokuwa nazo zilikuwa za kumpiga nazo. "Hiyo unayoandika ni ya kwangu?" anauliza dereva, anachungulia karatasi kichwa chini miguu juu, na mimi nikasema, "Hapana, vumilia kidogo kaka, kuna mteja alikutangulia," na yeye akageuka kutazama viti vya kungojea, vitatu, vyote vitupu.